Volani inapolia: sikiliza kwanza, kisha tengeneza



Mtu anayetoka kazini mzima, kisha anapata ajali njiani akirudi nyumbani, ameumia sawa na yule aliyeumia ndani ya mgodi. Bibi yake na watoto wake wanapata taabu ileile. Kwa hiyo usalama hauishi kwenye mlango wa kampani. Leo tunaongea juu ya kitu ambacho shofere anakishika mkononi tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho: volani ya motokari.

Motokari nyingi zinazotembea Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zina volani nyepesi, inayosaidiwa na nguvu ya mafuta. Mafundi wanaiita direksyoni asiste. Siku moja volani hiyo inaanza kupiga kelele. Kuna shofere anayesema: «Si kitu, bado inatembea.» Kuna mwingine anayekimbia garaji, anaambiwa pompe imekufa, ananunua pompe mpya, mshahara unaisha, na kesho yake kelele ni ileile. Wa kwanza anacheza na maisha yake. Wa pili ametupa feza zake. Wote wawili hawakuuliza neno moja: kelele hii inatoka wakati gani?

Ukijua kelele inatoka wakati gani, mara nyingi utajua ni kitu gani kinachoumwa. Na ukijua namna ya kushika kazi hiyo, hutatengeneza motokari na kuharibu mkono wako.

1. VOLANI NYEPESI INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Kitu hiki si kipya. Injinia mmoja wa Marekani, Francis W. Davis, alitengeneza volani inayosaidiwa na mafuta na kuijaribu kwenye motokari mwaka wa 1926. Kampani ya Chrysler iliiweka kwenye motokari zake za kuuzwa, aina ya Imperial, mwaka wa 1951. Tangu wakati ule mpango wake ni huu:

— Kuna kopo dogo la mafuta karibu na motere.
— Kuna pompe inayovuta mafuta ndani ya kopo na kuyasukuma. Mara nyingi pompe inazungushwa na kamba ya mpira, ndiyo kurua. Kwa motokari zingine inazungushwa na magurudumu ya meno ya motere yenyewe.
— Kuna tuyo ngumu inayopeleka mafuta yenye nguvu, na tuyo nyingine inayoyarudisha ndani ya kopo.
— Chini kuna kremayere, ao boksi ya direksyoni, ambamo mafuta yanasaidia kusukuma vyuma.
— Mwishoni kuna rotile, viungo vinavyoshika vyuma vya direksyoni na magurudumu.

Gurudumu la motokari ndogo tunalijaza upepo wa kilo 2 na kitu kidogo. Lakini pompe ya volani, wakati volani imefika mwisho wa kugeuka, inaweza kusukuma mafuta kwa nguvu ya kilo 70, kilo 80, hata kupita kilo 100. Kumbuka hesabu hiyo, tutairudilia.

Tena fahamu hili: kwa motokari ndogo na pikapu, volani imeunganishwa na magurudumu kwa chuma. Nguvu ya mafuta ikikatika, magurudumu bado yanageuka, lakini volani inakuwa nzito sana. Shofere asiyejua jambo hilo anashituka, anadhani volani imefungwa, anaiachilia katikati ya kona. Hapo ndipo ajali inapotokea.

Mashine kubwa za mgodini ni mambo mengine. Kwa mashine nyingi za kubeba na za kuchota mawe, ni mafuta tu yanayogeuza magurudumu, hakuna chuma kinachoyaunganisha na volani. Ndiyo maana zinawekewa msaada wa pili wa kugeuza, wa kutumiwa kama motere inazimika. Huko sheria ni moja: ukisikia kelele ngeni, ao magurudumu yanachelewa kugeuka, simamisha mashine pahali pa salama, ita shefu wako, andika kwenye kitabu cha mashine. Usijaribu kutengeneza mwenyewe.

2. KELELE SITA NA MAANA YAKE

Kelele ya kwanza: volani inaguna sawa na ng'ombe unapoigeuza polepole, kwa mfano unapoweka motokari kwenye lupango. Mara nyingi mafuta yamepunguka, ao upepo umeingia ndani ya mafuta. Tazama kopo. Mafuta ya volani hayaungui kama esanse na mazuti. Kama yamepunguka, yamevuja. Kuongeza mafuta bila kutafuta pahali yanapotoka ni kujaza maji katika ndoo iliyotoboka.

Kelele ya pili: kuguna kulekule, lakini kopo limejaa. Fungua kifuniko, tazama. Kama mafuta yana povu, ao yamekuwa meupe sawa na maziwa, upepo unaingia. Mara nyingi unaingia katika tuyo inayotoka kwenye kopo kwenda kwenye pompe. Tuyo hiyo haina nguvu ndani yake, pompe inavuta tu. Kwa hiyo ufa mdogo, ao kifungo kilicholegea, unaweza kuvuta upepo bila kuvujisha hata tone moja wakati motere inazunguka. Watu wengi wanabadilisha pompe bure juu ya kifungo cha tuyo na kipira kidogo cha bei ndogo.

Kelele ya tatu: mlio mkali sawa na filimbi, hasa asubuhi motere inapowashwa, ao volani inapofika mwisho. Hiyo ni kurua inayoteleza. Imelegea, imezeeka na kung'aa, ao imelowa mafuta. Usiipake sabuni. Sabuni inaficha kelele siku mbili tu.

Kelele ya nne: mngurumo usioisha, hata motokari ikienda moja kwa moja, na unaozidi motere inapozidi kuzunguka. Hapo pompe yenyewe inaweza kuwa imelika, ao puli yake imeharibika. Lakini kwanza tazama kama ndani ya kopo kuna filtre. Filtre iliyozibwa na uchafu inainyima pompe mafuta, na pompe inalia kwa njaa.

Kelele ya tano: «ngo, ngo» motokari inapopita kwenye mashimo, ao unapogeuza volani huku na huku. Hii si kelele ya mafuta hata kidogo. Ni rotile iliyolika, ao kiungo cha fimbo ya volani, ao vifungo vya kremayere vilivyolegea. Kelele hii haisikiki sana, lakini ndiyo mbaya kuliko zote. Rotile ikichomoka, gurudumu linakwenda linakotaka, na hakuna nguvu ya mkono inayoweza kulirudisha. Motokari yenye kelele hiyo isifanye safari mbele ya fundi kuitazama.

Kelele ya sita: mlio mdogo wa «sss» wakati volani imefika mwisho kabisa. Huo si ugonjwa. Ni mafuta yanayopita kwenye mlango mdogo unaofunguka ili nguvu isizidi kipimo. Lakini usishike volani pale mwishoni zaidi ya sekunde 5. Mafuta yanapata moto sana, na pompe inaumia.

Vilevile, wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, mafuta yanakuwa mazito asubuhi. Volani ikiguna kidogo motere inapoanza, kisha ikanyamaza yenyewe, na mafuta ni ya kutosha, usiwe na hofu.

Ndugu aliyenunua motokari ya miaka hii ya sasa anaweza kutafuta kopo la mafuta asilione. Motokari nyingi mpya zina volani inayosaidiwa na motere ndogo ya umeme. Hazina mafuta ya volani, hazina pompe. Kwa hizo, kelele ya «ngo» inatafutwa kwenye rotile na viungo, na taa ya volani ikiwaka mbele ya shofere, inapashwa kuonwa na fundi mwenye chombo cha kusoma umeme wake.

3. MBELE YA KUGUSA KITU

Hapa tunaomba kila mmoja asome polepole.

Usitafute mahali panapovuja kwa mkono. Tulisema: mafuta yale yanaweza kupita kilo 80. Yakitoka kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano, yanapita ndani ya ngozi, hata ndani ya glovu. Mtu anasikia sawa amechomwa na mwiba. Anatazama, anaona alama ndogo, anacheka, anaendelea na kazi. Usiku mkono unavimba na maumivu yanazidi. Mafuta yamekwisha kutembea ndani, kufuata mishipa ya vidole, na nyama inaanza kufa. Watu wamekatwa vidole, hata mkono mzima, juu ya alama iliyokuwa ndogo kuliko punje ya mtama.

Kwa hiyo: zima motere, pangusa tuyo kwa kitambaa, weka karatasi ngumu ao kartoni safi chini yake, umwachie mwenzako awashe motere na kugeuza volani, wewe ukae mbali. Kisha zima tena motere, tazama alama ya mafuta kwenye kartoni.

Kama ajali hiyo imekwisha kutokea, usingoje kesho. Usikande kwa maji ya moto, usikamue, usipake dawa ya nyumbani. Nenda hospitali saa ileile, umwambie munganga maneno haya: «Mafuta yenye nguvu yameingia ndani ya ngozi.» Usimwambie tu kwamba umechomwa, kwa maana akiona alama ndogo anaweza kukupa dawa ya kidonda na kukurudisha nyumbani. Inafaa kupasuliwa na kusafishwa mapema, na kila saa inayopita inaharibu.

Mambo mengine ya kushika:

— Motere ikiwa inazunguka, usipeleke mkono karibu na kurua na feni. Funga mikono ya salopeti, vua pete na saa, ondoa kitambaa cha shingoni. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka hata motere ikiwa imezimwa. Toa ufunguo, na ukipeleka mkono karibu na feni, toa waya wa batri.
— Usiingie chini ya motokari iliyosimama juu ya kriki tu. Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Weka chandeli mbili za chuma, na mawe ao mbao nyuma na mbele ya magurudumu yaliyobaki chini. Usitumie matofali, yanapasuka kwa mara moja.
— Usiwashe motere ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi, inayolaza mtu na kumuua.
— Motere ikitoka safarini, acha ipoe. Mafuta ya volani yanaunguza.
— Mafuta yanayodondoka juu ya tuyo ya moshi yanaweza kushika moto. Ukisikia harufu ya mafuta yanayoungua, simama, zima motere. Uwe na kizima-moto ndani ya motokari.

4. KAZI YENYEWE

Kuongeza mafuta. Pangusa kifuniko mbele ya kukifungua. Vumbi letu ni jingi, na mchanga kidogo tu unakwaruza pompe. Soma alama za kopo. Mara nyingi kuna alama mbili, moja ya mafuta ya baridi, nyingine ya mafuta ya moto. Kisha soma kwenye kifuniko ao kitabu cha motokari aina ya mafuta inayotakiwa. Motokari nyingi zinataka mafuta mekundu, yaleyale ya boksi otomatiki. Zingine, hasa za Ulaya, zinataka mafuta ya kijani. Usichanganye.

Neno moja kubwa: usitie mafuta ya freni ndani ya volani, wala mafuta ya volani ndani ya freni. Ya kwanza yanaharibu mipira ya pompe na kremayere. Ya pili yanavimbisha mipira ya freni, na siku moja freni inakataa. Andika jina kwenye kila bidoni.

Kutoa upepo. Kwanza tengeneza mahali panapoingiza upepo, ao kazi itakuwa ya bure. Zuia magurudumu ya nyuma, inua mbele, weka chandeli. Motere ikiwa imezimwa, mwenzako ageuze volani polepole mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, mara 10 mpaka 20. Wewe tazama kopo. Povu litapanda, mafuta yatashuka, utaongeza kidogo kidogo. Povu likipunguka, washa motere bila kukanyaga gazi, geuza tena mara chache bila kushika mwishoni. Kama povu linarudi, zima motere, acha mafuta yatulie saa moja, anza tena. Kama baada ya mara tatu povu halikwishi, upepo bado unapata njia. Rudi kwenye tuyo ya kuvuta.

Kukaza kurua. Motere imezimwa, ufunguo mfukoni. Sukuma kurua kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Kwa motokari nyingi za zamani inashuka karibu sentimeta 1. Ikishuka zaidi, kaza. Lakini usikaze kupita kipimo, utaua puli na pompe. Kurua yenye nyufa, ao iliyolowa mafuta, ibadilishwe, na kwanza zuia mafuta yanayoilowesha. Kwa motokari zenye puli inayokaza yenyewe, kipimo cha kidole hakitumiki. Fundi atazame puli hiyo.

Kujua kama ni pompe kweli. Mbele ya kununua pompe, mwambie fundi atoe kurua na kuwasha motere kwa sekunde chache tu, kwa sababu mara nyingi kurua hiyohiyo inazungusha pompe ya maji. Kama kelele bado iko, pompe haina kosa. Kama kelele imeisha, azungushe kwa mkono kila puli iliyokuwa imeshikwa na kurua hiyo. Ile inayokwaruza ao kutikisika ndiyo mgonjwa. Jaribio hilo ni la dakika chache, na linaweza kukulindia mshahara wa mwezi.

5. IKITOKEA NJIANI

Toka Lubumbashi mpaka Kolwezi, kupitia Likasi, ni karibu kilometa 300, na makamyo mazito yanajaza barabara. Volani ikiwa nzito kwa mara moja, fanya hivi: shika volani kwa mikono miwili, usiiachilie. Ondoa mguu kwenye gazi. Vuta volani kwa nguvu, itageuka. Washa taa za hatari, punguza mwendo polepole, toka kando ya barabara. Usizime motere motokari ikiwa bado inatembea, kwa sababu freni nayo itakuwa nzito.

Ukisimama, weka triangeli nyuma, teremsha watoto upande wa mbali na barabara, kisha fungua kapo. Kama kurua imekatika, fahamu kwamba inaweza kuwa ndiyo inayozungusha pompe ya maji na kuchaji batri. Ukiendelea, motere itaungua. Kama tuyo imepasuka, usiifunge kwa kamba ya mpira wa shambreri. Nguvu ya mafuta itaipasua tena, na mafuta yatamwagika juu ya tuyo ya moto.

6. BAADA YA KAZI

Nawa mikono kwa sabuni na maji, si kwa esanse, maana esanse inakausha ngozi na kuleta vidonda. Mafuta ya zamani usiyamwage katika mfereji ao karibu na kisima. Yatie ndani ya bidoni yenye kifuniko, uyapeleke garaji wanakokusanya mafuta yaliyotumika. Na usiweke mafuta ya volani ndani ya chupa ya limonadi. Mafuta mekundu yanafanana na kinywaji kitamu, na mtoto hajui kusoma harufu.

TUKUMBUKE

— Kuguna unapogeuza: tazama mafuta na upepo.
— Filimbi: tazama kurua.
— Mngurumo usioisha: tazama filtre, kisha pompe.
— Ngo-ngo: tazama rotile, usifanye safari.
— Mafuta yakipunguka, yamevuja. Tafuta kwa kartoni, usitafute kwa mkono.
— Alama ya sindano kwenye ngozi: hospitali saa ileile.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kifungo cha tuyo kinachokazwa leo ni kazi ya dakika 10. Kikiachwa, kinakula pompe, kinakula mshahara, na siku moja kinaweza kula mtu. Ndugu, kesho asubuhi mbele ya kwenda kazini, fungua kapo, tazama kopo la mafuta, kisha geuza volani na usikilize.

Kazi njema, na safari njema.